Mstari wa Kwanza

Mstari wa kwanza wa faili ndio tunaouandika mwisho.
Saa tano usiku, Igogo, chumba cha juu ya duka la vipuri,
pangaboi linakata harufu ya dagaa vipande vipande
na kuturudishia vyote.
Kesho wanaushirika wa Musoma wanaipakua Mizani.
Wameuliza jambo moja tu: hii mali ni ya nani?

Nkwimba anasema, andika sisi watatu, tulale.
Bwire anasema sisi watatu tumeandika nusu,
na nusu ya nusu hiyo ilibidi tusahihishwe.

Basi tunafungua kumbukumbu za mradi, tunashuka nazo
kama mtu anayeshuka vilima vya Mabatini gizani,
jiwe kwa jiwe, mguu ukiuliza kabla ya kukanyaga.

Huyu alileta mistari elfu mbili.
Huyu alileta nukta.
Nukta moja, kati ya kilo na gramu,
na kabla ya nukta ile mama mmoja wa Mwaloni
alidaiwa ushuru wa tani nne
kwa ndoo nne.

Huyu alijiita Furu,
jina la samaki ambao sangara waliwamaliza ziwani,
au tuliambiwa hivyo.
Alikuja mwaka wa mvua nyingi, akaziba matundu matatu,
hakuomba chai, hakuaga.
Barua zetu kwake zinarudi zilivyokwenda.

Huyu ni Bulemo. Alifanya programu ikumbuke
hata mtandao ukikatika kisiwani.
Hayupo tena.
Hakimiliki haifi na mtu, anasema Bwire, inarithiwa;
ndipo jioni nikampigia mama yake, Ukerewe.
Hakuuliza hela. Alisema:
andikeni jina lake lote, Bulemo Mazigo Katondo.
Shuleni walilikata, na msalabani limekatwa vilevile.

Na wewe Bwire? Bwire anatazama dari.
Kompyuta ilikuwa ya kampuni. Mkataba aliosaini
unadai hata ndoto za saa za kazi.
Ataomba barua ya ruhusa. Mpaka hapo, nafasi yake ina alama ya kuuliza.

Kisha Bi Holo,
ambaye hajawahi kugusa kibonyezo,
aliyetucheka mbele ya mzani wake:
dagaa wa alfajiri wamekunywa umande,
nyie mnapima maji.
Kwa kicheko kile tuliandika sharti moja, mistari sita,
na ndiyo mistari inayofanya watu watuamini.
Sheria hailindi wazo, anasema Bwire, inalinda maneno.
Nkwimba anamjibu: basi sheria haijawahi kuanika dagaa.

Haki. Miliki.
Mtu fulani aliyaunga maneno haya mawili akaenda zake,
nasi tumekaa kwenye kiungo, kinatuchoma.

Nawaza ngazi za kwetu, zinazopanda kati ya majabali.
Kila nyumba ilimwaga kidato chake, havina majina,
isipokuwa kimoja: mtu alichora kwa msumari
FUNDI DOTTO, saruji ikiwa mbichi.
Tulimwona mpenda sifa.
Mvua ilipokula ngazi, vidato vingine vilikosa mwenyewe.
Dotto alifuatwa hadi Buhongwa,
akaja na nusu mfuko, akinung'unika, akatengeneza.

Naandika:
Hakimiliki, wachangiaji wa Mizani.
Majina yamo katika faili ya majina.

Tunagombana tena, sasa juu ya mpangilio.
Kwa herufi? Kwa wingi wa mistari?
Nkwimba anaamua: kama ndoo bombani, aliyetangulia kufika.
Kwa hiyo Bi Holo yuko juu,
maana umande ulitangulia.
Bulemo wa tatu, kwa urefu wake wote.
Furu ni Furu, bila anwani.
Aliyeleta nukta ana mstari mzima, sawa na mwenye elfu mbili;
Bwire anaguna, anaacha.

Chini kabisa nimebakiza mstari mtupu.
Si usahaulifu.
Musoma wakikuta nukta nyingine imekosekana,
waanzie hapo.